Kadi Aliyoikalia Mwikwabe

Kiti cha ile pikipiki kilikuwa kimepasuka toka mbele hadi nyuma, na mwenyewe alikuwa amekiziba kwa selotepu. Niliiona imeegeshwa nje ya ukumbi Homa Bay, Ijumaa asubuhi, nikasimama. Mimi ni fundi wa viti vya pikipiki pale Suna, Migori. Siwezi kupita kiti cha namna hiyo nikanyamaza.

"Mtu anayekalia selotepu," nikamwambia Monari, "hata nyumba yake inavuja."

Monari ni jirani yangu. Alikuwa amekuja nami kwa sababu Ijumaa hana kazi, na Alhamisi pia hana. Akaitazama pikipiki, kisha akanitazama mimi.

"Hiyo ni ya kijana wa Nyatichi."

"Nani amekwambia?"

"Nilimwona akimshusha sokoni. Hata selotepu ni hiyo hiyo."

Nikaingia ndani nikatafuta kiti, nikaketi, nikainuka tena.

Nyatichi ni binti yangu. Huyo kijana anaitwa Elkana Mwikwabe, Mkuria wa upande wa Ntimaru, ananunua mahindi huko na kuyauza Suna. Sikuwa nimewahi kuketi naye. Wazee wake walitaka kuja kwangu Jumapili kuanza mazungumzo ya ndoa, na mke wangu Jerusha alikuwa amenibana asubuhi ile nikifunga viatu. Alitaka jibu kabla Sabato haijaingia, ndiyo ama hapana. Alisema hawezi kuketi kanisani kesho yake na jambo hilo tumboni.

"Simjui," nilimwambia.

"Hutaki kumjua. Hayo ni mambo mawili."

"Sitoi msichana kwa mtu sijamwona akibanwa. Mtu yeyote anapendeza akiwa na nafasi."

"Basi mbane," akasema, akaingia jikoni.

Sisi ni Wasabato. Siku yetu huingia Ijumaa jua linapozama, na baada ya hapo sigusi kazi wala mchezo. Nilikuwa nimepanga kucheza mashindano ya kadi pale ukumbini, halafu mapema niende kulala kwa dada yangu Filister kule Rangwe. Kutoka huko ningempigia Jerusha simu nimpe jibu. Jibu lenyewe sikuwa nalo. Nililibeba tu hivyo, kama mtu anayebeba kuku mfukoni, linaparura kila ukikaa.

Watu hushangaa mtu wa umri wangu kucheza kadi zenye picha za mazimwi. Washangae. Niliacha shule darasa la sita, na hakuna kitu kilichowahi kunikaa kichwani kama mchezo huu. Unaitwa Wafalme wa Ukungu. Nyatichi aliuleta nyumbani alipovunjika mguu akiwa kidato cha pili. Mchana hakuwa na mtu wa kucheza naye, kwa hiyo nikacheza mimi, yeye kitandani, mimi kwa kigoda, nyundo na misumari vikiningoja nje. Mguu ukapona, mchezo ukabaki.

Sheria zake si ngumu. Kila mtu ana rundo lake la kadi, na mbele yake anaweka vijiwe sita. Unatoa mnyama wako, mwenzako anatoa wake, wanapigana, na wengine wanangoja akiba pembeni, unaweza kuwabadilisha. Ukiua mnyama wa mwenzako, unaondoa kijiwe kimoja chako. Anayemaliza vijiwe vyake kwanza ameshinda. Hayo hata mtoto anayajua. Lakini mchezo wenyewe hauko kwa wanyama, uko kwa kadi za msaada. Kuna mkunga anayeponya, kuna mlinzi wa lango, kuna wachawi wa kila aina. Unaruhusiwa kutoa moja tu kwa zamu, kwa hiyo lazima ujue ya kutumia na ya kukalia.

Ya kukalia kuliko zote ni Tarishi wa Mvua. Amechorwa mzee aliyejifunika ngozi ya ng'ombe kichwani, radi iko nyuma yake. Ukimtoa, nyinyi wawili mnarudisha kadi zote za mkononi kwenye marundo yenu. Kisha wewe unalichanganya rundo la mwenzako kwa mkono wako, naye analichanganya lako kwa mkono wake. Mkimaliza, kila mtu anachota kadi sawa na vijiwe vilivyobaki mbele yake.

Vijana humtoa mapema. Mwanzoni una vijiwe sita, unapata kadi sita mpya, unafurahi. Huo ni upuuzi, kwa sababu mwenzako naye amepata sita. Nilimwambia Nyatichi tangu akiwa na plasta mguuni: mkalie. Acha mwenzako akupige, acha ajisikie. Abaki na kijiwe kimoja, mkono umejaa kadi nzuri alizozipanga polepole. Hapo sasa mtoe Tarishi. Yeye atachota kadi moja tu. Wewe mwenye vijiwe vitatu utachota tatu. Kule kushinda kwake ndiko kutamfunga mikono.

Nyumbani tulikuwa na Tarishi wawili. Mmoja wangu, na mmoja wa Nyatichi, kona yake imeungua kidogo kwa pasi. Wake alipotea mwaka jana. Ndivyo alivyoniambia.

Mashindano yenyewe yaliwekwa Ijumaa kwa sababu Jumamosi ukumbi ulikuwa na harusi. Mpaka saa za chakula nilikuwa nimewatoa vijana kadhaa, mmoja wao akiwa na hereni. Sikula. Kila walipotangaza mapumziko nilitoka nje, nikazunguka ile pikipiki, nikarudi. Nyatichi alikuwa ukutani akiandika matokeo kwenye ubao, maana waandalizi walimwomba asaidie, na aliyekuwa akisaidia hakuruhusiwa kuongea na mchezaji. Hilo lilimfaa sana. Kila nilipomtazama alikuwa na vumbi la chaki la kufuta.

Kisha Valentine akasimama. Huyo ndiye aliyekuwa mwamuzi, mama mmoja wa pale pale Homa Bay, sauti yake haihitaji kipaza sauti.

"Nusu fainali. Mosoti Angwenyi wa Suna. Elkana Mwikwabe wa Ntimaru. Meza ya dirishani."

Ukumbi haukujua lolote, lakini Monari alijua, na alicheka peke yake kwa sauti.

Kijana akaja. Mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi vizuri. Hilo nililiona. Nikasimama nikanyoosha mkono, kwa sababu wachezaji husalimiana kabla ya kuanza. Hakuushika. Aliinamisha kichwa, akaweka mikono yake nyuma, akatazama miguu ya meza.

Mkono wangu ukabaki hewani.

"Mosoti," Monari akasema kutoka nyuma, "umekaa kama mtu anayeomba lifti."

Watu wakacheka. Nikaurudisha mkono.

"Omera, hapa tunasalimiana," Valentine akamwambia kijana.

"Nimesalimu. Mwambie mzee nimemsalimu."

"Mzee yuko mbele yako. Mwambie mwenyewe."

"Wewe mwambie tu, tafadhali."

Valentine akanigeukia na uso wa mtu anayeuziwa samaki wa jana. "Jaduong', umesalimiwa."

"Nimesikia," nikasema. "Mimi si kiziwi."

Tukaketi. Kijana alikivuta kiti chake kando, akakaa upande upande, kama mtu aliye tayari kuondoka. Kabla ya kuanza, kila mmoja hukata rundo la mwenzake ili ajue halikupangwa. Nikasukuma langu kwake. Hakuligusa. Akamwomba Valentine akate kwa niaba yake.

"Mwanzoni naweza kukata," Valentine akasema. "Lakini mchezo ukianza, mimi sigusi kadi ya mtu. Hiyo ni sheria. Sawa?"

"Sawa."

Basi nikajua ni nini. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimemwambia Nyatichi kwamba muuza mahindi kwa pikipiki leo yuko, kesho hayuko. Nilijua atampelekea maneno hayo, na nilitaka ayapeleke. Sasa mwenyewe alikuwa amekuja kunirudishia mbele ya watu. Hanishiki mkono. Kadi zangu anaziona uchafu. Hata jina langu hataki kulitaja, ananiita mzee kupitia kwa mama wa watu.

Nikajisemea moyoni: hilo jibu la Jerusha limepatikana bila shida.

Lakini kuna kitu kilinisumbua. Ningekuwa mimi, na nimemchukia mtu namna hiyo, ningemtazama usoni. Yeye hakunitazama hata mara moja.

Tukaanza. Nilitoa Mamba wa Chuma, yeye akatoa Fisi wa Majivu. Fisi ana kasi lakini mbavu zake ni karatasi. Nikamuua. Akaleta Ndovu wa Ukungu, huyo akanisumbua kidogo. Mimi nacheza haraka. Kadi ikifika mkononi najua kazi yake. Yeye alikuwa akichelewa. Si mwanzoni, mwanzoni alikwenda vizuri. Lakini kadri vijiwe vyangu vilivyopungua ndivyo alivyozidi kukaa. Anashika kadi, anaitazama, anairudisha. Anashika nyingine. Anatazama rundo langu. Anapangusa jasho juu ya midomo. Anaishika ile ya kwanza tena.

Meza ya dirishani ina ubaya wake. Mwanga wa jua ulikuwa umelala sakafuni tulipoketi. Halafu ukapanda mguu wa meza. Halafu ukawa juu ya meza, kwenye vijiwe vyangu, wa rangi ya chai. Goti langu lilianza kupiga meza kutoka chini, vijiwe vikaruka.

"Mzee, goti," Valentine akasema.

"Mwambie acheze."

"Ana muda wake. Muda haujaisha."

Nikainuka nikaenda dirishani. Nje, mama mmoja alikuwa akizoa omena aliyoanika, dagaa wa ziwani, akiikusanya kwa ufagio kuelekea kwenye gunia. Ukiona hivyo jua limeanza kuchoka. Nikarudi, nikaketi, kijana bado anaishika ile kadi. Nikainuka tena.

"Mosoti, wewe ni mchezaji ama ni askari wa zamu?" Monari akauliza.

Hapo ndipo nilipofikiria jambo lingine, na likaniuma kuliko la mkono. Nyatichi amekulia kwangu. Huyu kijana anajua Sabato yetu inaingia saa ngapi. Jua likizama mimi nainuka, hata kama nimebakisha kijiwe kimoja. Akinichelewesha hadi hapo, anashinda bila kucheza. Niliwahi kuchezewa hivyo Rongo na mwalimu mmoja, akaniaga kwa tabasamu.

"Unangoja jua," nikamwambia. Nilisema wazi, watu wa meza za jirani wakageuka. "Sema tu. Unangoja lizame niondoke."

Shingo yake ikabadilika rangi. Hakuinua macho.

"Mwambie mzee," akamwambia Valentine, "singoji jua. Jua likizama kabla hatujamaliza, iandikwe kwamba ameshinda yeye."

"Unajua unachosema?" Valentine akamuuliza.

"Najua."

Nikamtazama Nyatichi. Alikuwa ameshika kifutio kifuani kama mtoto.

Mtu anayechelewesha ili ashinde hawezi kusema hivyo. Nikaketi vizuri. Goti likatulia kidogo. Kama hangoji jua, basi anangoja nini?

Akatoa kadi ya msaada. Alikuwa mkunga tu, akaponya ndovu wake jeraha. Haikuwa na maana. Mimi nilikuwa na vijiwe viwili na mamba wangu bado ana meno. Zamu yangu nikamuua ndovu, nikabaki na kijiwe kimoja. Yeye alikuwa na vitatu. Akaleta mnyama mwingine, Kifaru Mweupe, akanipiga, mamba wangu akabaki na jeraha kubwa lakini hajafa. Zamu ikarudi kwangu. Nikampiga kifaru. Pigo moja zaidi na mchezo umekwisha.

Nilikuwa na kadi moja ya msaada ambayo sikuihitaji, Jicho la Kozi. Hiyo inakupa kuona kadi zote alizoshika mwenzako. Ningeweza kuiacha. Niliitoa kwa sababu nilitaka kujua ni kitu gani huyu mtu alikuwa akikishika na kukirudisha mchana kutwa.

"Jicho la Kozi," Valentine akasoma. "Onyesha mkono wako."

Kijana hakunipa kadi. Alizilaza mezani, moja moja, nyuso juu, akaondoa vidole vyake kabla sijasogea.

Ya kwanza, mlinzi wa lango. Ya pili, nyoka fulani. Ya tatu, Tarishi wa Mvua.

Kona yake ilikuwa imeungua kwa pasi.

Nilikaa nikaitazama kadi ile. Kwanza nikafikiria kwamba binti yangu ni mwongo. Halafu nikafikiria kwamba kadi ambayo Nyatichi hakukubali kunipa mimi hata kwa kubadilishana, amempa huyu. Halafu nikaacha kufikiria mambo ya Nyatichi, nikafikiria mchezo.

Nina kijiwe kimoja. Yeye ana vitatu. Mkono wangu umejaa kadi nilizozipanga. Hakuna saa nzuri ya kumtoa Tarishi kuliko zamu yake iliyotoka kupita, na kabla ya hiyo, na kabla ya hiyo. Kama Nyatichi alimpa kadi, alimpa na maneno yake pia. Alimwambia mkalie hadi mwenzako abaki na kijiwe kimoja. Kijana alikuwa amemkalia vizuri sana. Saa ikafika, akamshika, akamtazama, akamrudisha. Akatoa mkunga badala yake, kadi ya mtu aliyekubali kushindwa.

Kwa nini?

Nikaisoma ile kadi kana kwamba sikuwahi kuisoma. Kila mmoja alichanganye rundo la mwenzake kwa mkono wake. Kwa mkono wake. Ningelazimika kumpa rundo langu, naye anipe lake, mikono ikutane juu ya meza, na kila mmoja ashike vitu vya mwenzake mbele ya macho yake.

Kwetu tunaita chinsoni, ile haya ya ukweni. Wakuria nao wanayo, na wao ni wakali zaidi. Mtu na baba wa mke wake hawachezeani. Hashiki mkono wake, hamkodolei macho, hamwiti jina, hagusi vitu vyake. Akiwa na neno analipitisha kwa mtu. Mimi mwenyewe sikumshika mkono baba yake Jerusha mpaka wakamzika, na nilimpenda yule mzee. Nilijua haya yote. Niliyajua kama ninavyojua nyundo. Lakini siku hizi vijana wanagonganisha ngumi na wakwe zao barabarani, na zaidi ya hapo, mimi nilikuwa sijakubali. Kwa akili yangu sikuwa mkwe wa mtu. Ndiyo maana sikuona kilichokuwa mbele yangu tangu mchana.

Yeye alikuwa ameamua mimi ni mkwe wake, nipende nisipende, na alikuwa tayari kushindwa mbele ya ukumbi mzima kuliko kunikosea.

Nilitaka aliyebanwa. Huyo hapo.

"Mzee, umeona?" Valentine akauliza. "Arudishe kadi?"

"Arudishe."

Zamu ikawa yake. Akazishika kadi zake. Mwanga ulikuwa umetoka mezani, sasa uko ukutani karibu na ubao wa Nyatichi, umejipinda. Ningenyamaza tu, angetoa mlinzi wa lango ama kitu kingine kisicho na faida, na zamu yangu ningemmaliza. Nilikuwa sijawahi kufika fainali ya Homa Bay. Nililitaka jambo hilo, sitadanganya. Nikainuka, nikaenda dirishani, nikarudi, nikaenda tena. Monari akafungua mdomo, akaniona uso, akaufunga.

Nikarudi mezani, lakini sikuketi. Kwenye mkoba wangu huwa sikosi vipande vya ngozi ya viti. Nikatoa kimoja cheusi, nikakitandika katikati ya meza, nikaweka rundo langu juu yake.

Halafu nikamgeukia Valentine.

"Mwambie kijana," nikasema, "atoe ile kadi."

Valentine akanitazama, akamtazama yeye. "Sasa na wewe umeanza?"

"Mwambie. Mimi nitasimama dirishani, nimempa mgongo. Achanganye rundo langu hapo juu ya ngozi, aliache hapo, aende ukutani. Akiondoka nitakuja nichanganye lake. Sheria yako inasema kila mtu achanganye kwa mkono wake. Haisemi tuwe tumeketi pamoja kama maharusi."

Alifikiria. Alifungua kijitabu cha sheria, akakifunga. "Haisemi," akakubali.

"Basi mwambie. Na umwambie afanye haraka, jua si la mama yangu."

Kijana alikuwa amesikia kila neno, bila shaka. Lakini aliketi vile vile, kichwa chini, akangoja hadi Valentine alipomrudishia maneno yote, moja baada ya jingine. Masikio yake yalikuwa yakiwaka. Kisha akailaza ile kadi yenye kona iliyoungua mezani, polepole.

"Tarishi wa Mvua," akamwambia Valentine.

Nikarudisha kadi zangu zote nzuri kwenye rundo, nikaenda dirishani. Mama wa omena alikuwa ameshafunga gunia, anatafuta mtu wa kumtwika. Nyuma yangu nilisikia kadi zangu zikichanganywa. Alizichanganya kwa utaratibu, hakuzivunja migongo kama wanavyofanya vijana. Kisha hatua zake zikaenda. Nikarudi. Yeye alikuwa ukutani karibu na ubao, amenipa mgongo, na Nyatichi pembeni yake, wote wawili wanatazama ukuta mtupu kama watu wanaosubiri sindano. Nikachanganya rundo lake juu ya ngozi, nikaliweka.

Baadhi ya watu ukumbini walikuwa wameshaelewa. Mzee mmoja kwenye benchi la nyuma alisema kitu kwa Kiluo, na watu wa karibu naye wakaguna kwa kukubali.

Tukaketi tena, yeye upande upande, na safari hii mimi pia nikakigeuza kiti changu. Akachota tatu. Nikachota moja.

Mkunga.

Nilikuwa na mamba aliye nusu maiti na kadi moja mkononi. Kumponya mamba hakungenisaidia, kwa sababu zamu bado ilikuwa yake na kati ya zile tatu alikuwa amepata alichokitaka. Kifaru Mweupe akamkanyaga mamba wangu. Kijiwe kimoja chake kikaenda. Nikaleta kinyonga mmoja wa akiba, asiye na meno ya kumgusa kifaru, nikachota kadi, upuuzi. Akamuua kinyonga. Sasa hakuchelewa. Alicheza kama mimi ninavyocheza, kadi inafika, inakwenda. Nikaleta wa mwisho niliyekuwa naye, nikachota, upuuzi tena. Rundo langu alikuwa amelichanganya vizuri mno.

Kijiwe chake cha mwisho alikiondoa kwa kidole kimoja, akakisukuma pembeni, asinifikie.

Jua lilikuwa bado halijagusa kilima.

"Elkana Mwikwabe anaingia fainali," Valentine akatangaza, na watu wakapiga makofi. Kisha akakumbuka kazi yake. "Haya. Mwanzoni mlinikatalia. Mwisho wa mchezo ni lazima mshikane mikono, la sivyo naandika kosa."

Kijana alisimama akiwa ameganda. Akatazama sakafu, akatazama mkono wake mwenyewe, kama aliyeulizwa swali ambalo kila jibu lake lina adhabu.

Mimi ndiye niliyeirudisha mikono yangu nyuma.

"Andika kosa," nikamwambia Valentine. "Liandike kwangu. Mimi ndiye nimekataa."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu siwezi kumshika huyu mkono."

Nyatichi akaangusha kifutio. Vumbi la chaki likamjaa sketi nzima, wala hakulipangusa.

Nikakusanya kadi zangu, nikachukua kofia. Ile ngozi nyeusi niliiacha mezani. Monari alinifuata mlangoni akilalamika kwamba hawezi kuiona fainali akiwa njiani kwenda Rangwe, na kwamba mimi nimeshindwa na mtu aliyekaa kama anayengoja gari. Nikamwambia abaki kama anataka. Akabaki.

Nyatichi alinikuta nje, nimesimama karibu na ile pikipiki. Alikuwa amekimbia.

"Tata. Amesema asante."

"Sijamsikia."

"Amesema nikwambie."

"Basi umeniambia." Nilipitisha kidole kwenye selotepu. Ilikuwa imechanika tena upande mmoja, sponji inaonekana, imelowa maji ya mvua ya juzi. "Na ile kadi ulisema imepotea."

Akaanza kupangusa chaki kwenye sketi.

"Mwambie alimkalia Tarishi zaidi ya inavyotakiwa. Nilipokuwa na vijiwe viwili mamba wangu alikuwa mzima, angemtoa hapo angenipata na kadi mbili za kipuuzi na ndovu wake angekuwa hai."

"Alikuwa hawezi, Tata."

"Najua alikuwa hawezi. Namwambia ya siku nyingine, akicheza na watu wengine. Mimi sitacheza naye tena." Nikatazama juu. Jua lilikuwa limekaribia sana, na gari la Rangwe lilikuwa likipiga honi kule barabarani. "Mama yako nitampigia nikifika kwa Filister, kabla ya maombi. Na huyu kijana umwambie, wazee wake hawawezi kuja Jumapili kwangu nyuma ya kiti cha selotepu. Majirani wataona. Kesho jua likishazama aje nayo Suna, aiache langoni, asiingie. Nitakuwa nimerudi. Nitakishona."

Akaniuliza rangi gani.

"Nyeusi," nikasema. "Kipande nimekiacha mezani, mwambie akilete."

Nikaondoka mbio kuelekea barabarani.